Zamu Yangu Karema

Nina nyumba Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nina kitanda changu pale, kiti changu cha ukindu, na dirisha linalotazama upande wa Kongo. Vyote hivyo ni vyangu kwa wiki 6 kila mwaka, na wiki 4 kati ya hizo ziko ndani ya matope.

Lawama zote namtwisha shemeji yangu wa London. Alikuja likizo, akakaa kwangu hapa Mpanda siku nne, na siku zote nne habari ilikuwa ni wiki yake ya Tenerife. "Shemeji, ninyi kila mkisafiri mnalipa gesti. Mimi nimenunua wiki. Ni yangu mpaka nife, na nikifa ni ya watoto." Akatueleza kwamba Wazungu wana mchezo huo tangu miaka ya 1960, kwamba Uswisi iko kampuni inaitwa Hapimag iliyoanza mwaka 1963, na kwamba mwaka 1974 Wamarekani wakaanzisha RCI, ambayo kazi yake ni kuwabadilishia watu wiki: wewe unatoa yako ya Hispania, unapewa ya Florida. Mimi nikasikiliza, nikaona huu ni upatu tu. Upatu wa usingizi. Na upatu watu wa Mpanda hatufundishwi.

Tukawa wanane. Mwenyekiti ananunua na kuuza mpunga, Katibu anafanya kazi benki, yumo afisa kilimo, yumo muuguzi, na mimi mwalimu wa hisabati. Tukachanga, tukapata nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa bati, kisha tukakaa kuandika katiba. Katiba ilitoka kurasa 11. Nyumba ina choo kimoja, nacho kiko nje.

Ugomvi ulianzia kwenye hesabu, na aliyeifanya ni mimi. Mwaka una wiki 52. Gawanya kwa 8, kila mtu anapata 6. "Zinabaki 4," nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejua amegusa nini. Hizo 4 zikawa ya Krismasi, ya Mwaka Mpya, ya Pasaka na ya Idd. Zilimaliza vikao vitatu na kreti mbili za soda. Na hata baada ya kuafikiana, Idd hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, Pasaka nayo haina makazi maalumu, kwa hiyo daftari la zamu ambalo Katibu aliliandika kwa mwandiko wa kibenki lilifika mwezi wa tatu limefutwafutwa kama la mtoto wa darasa la pili.

Wiki zilizobaki tuliziokota kwenye kofia ya Mwenyekiti. Mwalimu hupumua mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Mimi niliokota mbili za Februari, mbili za Machi, moja ya Septemba na moja ya Oktoba. Mwenyekiti, ambaye hana mwajiri wa kumwomba ruhusa, aliokota Juni tatu. Kofia ilikuwa yake, lakini sisemi neno.

Mvua za Katavi huingia Novemba na haziagi mpaka Aprili. Mwaka wa kwanza niliomba ruhusa ya siku tatu mwezi wa tatu, nikapanda Noah na mke wangu. Kutoka Mpanda hadi Karema ni kilomita 100 na ushei tu. Siku ya kwanza tulilala njiani. Siku ya pili tulilala njiani, mbele kidogo. Siku ya tatu ruhusa iliisha, na dereva akatuonyesha kwa kidole upande ambako ziwa liko.

Hapo ndipo nilipoijua RCI yetu, ambayo ni Katibu na kalamu yake. Masharti yake: wiki mbili za masika kwa moja ya kiangazi. Nikatoa Machi zangu zote mbili za mwaka 2024, afisa kilimo akanipa wiki moja ya Juni, maana yeye Juni ana mavuno ya kukagua. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa.

Safari hiyo tulifika. Mke wangu alikuwa amebeba kikaango, ndimu na pilipili, nyama hapana. Unakwendaje na nyama mahali penye migebuka na kuhe? Mlangoni alikuwepo mlinzi, mzee wa pale pale Karema, amekaa kwenye kiti changu cha ukindu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mna barua ya Katibu?"

"Mzee, sisi ni wenye nyumba."

"Wenye nyumba ni wengi," akasema bila ubaya. "Na wote husema hivyo hivyo."

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya choo. Nikasimama pale nusu saa mpaka Katibu alipopokea simu na kunitambulisha kwa mlinzi wa nyumba yangu. Kufungua chumba, tukakuta mpunga. Magunia ya Mwenyekiti yalikuwa yamejipanga mpaka darini, yakisubiri bei ipande, na mawili yamelala kitandani kwangu. Mashuka hayakuwepo. Mzee akatueleza kwamba kila mwanachama huondoka nayo akidhani ni yake.

Nikasema basi, tule samaki. Mzee akanitazama kwa huruma. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 na lingefunguliwa Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Nchi zinazolizunguka zilikwisha kukubaliana. Redio ilitangaza, magazeti yaliandika, na mimi nilikuwa nasahihisha mitihani. Yaani hata samaki walikuwa likizo, na yao ilikuwa ya miezi mitatu, bila daftari. Wiki nzima tulikula maharage, tuliyoyanunua kwa mama mmoja aliyeyaleta kutoka Mpanda. Ndimu tulikamulia chai.

Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, nilitembea. Niliiona bandari mpya, iliyojengwa kwa matumaini ya mizigo ya Kalemie ng'ambo ya pili, na nikafika misheni ya zamani. Nikagundua kwamba hata Karema yenyewe imewahi kuwa mali ya zamu. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold walipiga kambi na kujenga ngome pale. Mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadri Weupe. Hao walipopata zamu yao hawakuiachia. Kanisa lipo mpaka leo. Nafikiri hawakuandika katiba ya kurasa 11.

Wiki ya Oktoba sikujisumbua. Jumamosi moja nilimpeleka mke wangu Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Katavi, tukatazame viboko wa mto Katuma. Mwezi huo maji yamekwisha, na viboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope, mmoja kichwa chake kiko kwenye matako ya mwenzake, wananguruma, wanang'atana. Mke wangu alisimama kimya muda mrefu.

"Hawa nao ni wanachama?" akauliza.

Jioni ile nilimpigia shemeji London ili nimshitaki kwake mwenyewe. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Tangu anunue hajawahi kupata Julai hata mara moja, na ada ya matengenezo hupanda kila mwaka. "Mwaka huu wamenipa Januari," akasema taratibu. Matengenezo yetu nayo yapo: kwenye vitabu vya Mweka Hazina kufuli limenunuliwa mara tano, mlangoni liko moja.

Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nauza wiki zangu zote, bei ya maelewano. Wote saba walisoma. Aliyejibu ni Mwenyekiti peke yake, kwa mikono miwili iliyofumbatana kama ya msibani.

Novemba simu ikalia. Mlinzi, yuko juu ya kichuguu.

"Mwalimu, Februari utakuja? Nauliza kwa kuwa mafundi wa barabara wanataka chumba mwezi mzima."

"Chumba kipi, mzee?"

"Si kile cha kwako."

Nilitaka kukasirika. Nikajikuta nauliza bei. Elfu ishirini kwa usiku, akasema, na uji asubuhi. Mafundi wanaupenda uji wake. Nikamuuliza wiki ya Krismasi ikoje.

"Ile imeandikwa ya Mwenyekiti, lakini yeye haji, huleta magunia tu. Nitayahamishia jikoni. Kwako wewe, Mwalimu, fanya elfu kumi na tano."

Nikatuma hela palepale kwa simu, siku saba, na ya kutolea. Dakika mbili hazikupita, ujumbe ukaingia: "Imefika. Chumba ni chako. Mashuka uje nayo."