Winga Ameumia, Tupange Vipi? Mambo Matano kwa Makocha wa Simi-Simi

Jioni, uwanjani Simi-Simi, winga akishika goti tu, kila aliye pembeni anakuwa kocha. Mmoja anapiga kelele fulani aingie, mwingine anataka beki apande mbele. Ndugu zangu, tulieni. Tarehe 4 Desemba 2016 Yannick Bolasie aliumia goti akiichezea Everton dhidi ya Manchester United. CAN ya Gabon, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ilikuwa imekaribia, na Florent Ibenge, kocha wa Chui, timu yetu ya taifa ya DRC, akabaki bila winga wake. Tujifunze kwake, tukihesabu kutoka tano hadi moja.

5. Usitafute pacha wake. Hata sokoni Marché Central hauzwi! Kebano, Mubele, M'Poku na Kabananga, washambuliaji aliobaki nao Ibenge, kila mmoja alikuwa na mpira wake. Panga safu kwa miguu uliyonayo, si kwa ile iliyolala kitandani.

4. Gawa mabao. Chui walifunga 7 katika mechi 4 za CAN hiyo: Kabananga 3, M'Poku 2, Kebano 1, Mubele 1. Beki, ukimkaba mmoja, watatu wanakusalimia kwa nyuma.

3. Mpe nafasi mwenye njaa. Junior Kabananga alikuwa akicheza Astana, kule Kazakhstan kwenye theluji. Wangapi kwetu walikuwa wakiifuatilia ligi hiyo? Akaifunga Moroko, akaifunga Kodivaa, akaifunga Togo, akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano. Kwa hiyo yule kijana wa benchi anayefika mazoezini kabla ya mipira, mwangalie vizuri.

2. Washambuliaji nao wakabe. Dhidi ya Moroko, beki wetu Lomalisa alipewa kadi nyekundu, tukabaki 10, na bado tukashinda 1–0. Ushindi kama huo hauji ikiwa wa mbele wanasimama mikono kiunoni. Mshambuliaji asiyerudi nyuma ni mtazamaji aliyepewa jezi.

1. Aliyeumia akae nje. Hili ndilo kubwa, na ndilo linaloniuma zaidi. Kijana anapakwa pomadi, goti linafungwa kitambaa, kipindi cha pili anarudishwa, eti bila yeye hatufungi. Goti limevimba, akikanyaga anakunja uso, na bado tunampigia makofi! Bolasie, mwenye madaktari wa klabu ya Uingereza, alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Wetu tunampa dakika kumi na tano za mapumziko?

Ghana ilitutoa robo fainali 2–1, kwa penalti ya André Ayew, baada ya M'Poku kusawazisha kwa shuti la mbali. Iliuma. Lakini tuliongoza kundi kwa pointi 7 bila kumlazimisha Bolasie aje kutuokoa.

Kocha, ukijua mapema nani ahamie wapi, hutashawishika kumrudisha mgonjwa uwanjani. Winga mwingine utampata hapa hapa mtaani. Goti lingine aliyeumia hatalipata popote.