Juu ya Kuchagua Kihori cha Kubebeka

Miongoni mwa aibu zinazompata mtu mzima hadharani, ile ya kutumbukia majini kati ya mashua yake na kihori chake haijaandikwa inavyostahili, ingawa uchungu wake hukaa mbichi siku nyingi na huwachangamsha wachuuzi wa ufukweni kwa muda mrefu zaidi. Kihori, kwa maana inayotumika hapa, ni chombo kidogo kinachofungwa nyuma ya mashua ya tanga ili kimfikishe mwenyewe nchi kavu. Na katika ghuba ya Kabuno, mkono wa Ziwa Kivu unaofika Sake wilayani Masisi, hakikwepeki, kwa kuwa sehemu ya ufuko huo ni lava ya Nyamulagira, mlima ambao mlipuko wake wa 1938 hadi 1940 ulimwaga moto mpaka ziwani, na hakuna mwenye mashua aliye timamu anayeisogeza kwenye mawe makali namna hiyo.

Sababu ya kutumbukia inapendeza kuliko tukio lenyewe. Kila kinachoelea kina vitovu viwili: kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa chombo na abiria huhesabiwa kana kwamba umekusanyika, na kitovu cha ueleaji, yaani katikati ya nafasi ambayo tumbo la chombo limeyanyang'anya maji. Chombo kinapoinama, kitovu cha pili hukimbilia upande ulioinama na kukisukuma kisimame tena, mradi kitovu cha kwanza hakijatangulia huko. Katika meli, abiria mmoja hana neno. Lakini katika kihori cha kilo 20, bwana wa kilo 80 ndiye shehena, na akisimama, kitovu cha uzito hupanda na kufuata kiuno chake kila kinakopinda. Hapo huingia kanuni ya Newton, kwamba kila msukumo hujibiwa na msukumo ulio sawa nao kwa upande wa pili: mguu wa kulia ukikanyaga kihori huku wa kushoto ungali mashuani, kihori hurudi nyuma kwa adabu zote, miguu huachana taratibu, na mhusika hupiga msamba ambao hakuuomba. Jambo hili huchukua muda wa kutosha kwake kuzitambua sura za watazamaji na kuamua kama aokoe simu au gurudumu la jibini la Masisi alilolikumbatia. Kwa kawaida huokoa simu, ambayo tayari imelowa. Jibini, kinyume cha matumaini yake, halielei, na watoto wa ufukweni, ambao hawajasoma Newton, humfahamisha kwa sauti: «Papa, fromaji inazama!»

Wavuvi wa sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, walikwisha kulimaliza tatizo hili kwa kuunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, hivi kwamba chombo kikiinamia upande mmoja hukuta mtumbwi mwingine ukikisubiri. Ila mpango huo ni mpana kuliko mashua ndogo inayotakiwa kuuvuta.

Kihori cha kujazwa upepo hukutana na lava mara moja tu.

Kinabaki cha kukunjwa, yaani kiunzi cha fito kinachovalishwa turubai, ambacho Mjerumani Alfred Heurich alikibuni mwaka 1905 na Johann Klepper akakitengeneza kwa ajili ya soko. Mwaka 1956 daktari Hannes Lindemann alivuka Atlantiki ndani ya chombo cha aina hiyo, sifa kubwa isiyo na shaka, isipokuwa Atlantiki haina vizuizi vya barabarani. Taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, katika utafiti iliouchapisha mwaka 2017, na mfuko wenye fito na turubai, ukipita kati ya Masisi na Walikale, si hema, si jeneza, si bidhaa yenye jina, kwa hiyo hutozwa kama vyote vitatu. Mama mwenye gunia la mihogo hutozwa vilevile, naye hakuchagua kuja kuchekesha mtu. Na barabara yenyewe huweza kufungwa kabisa: mwanzoni mwa 2024, mapigano yalipoikata barabara ya Sake, wasafiri wa mji wa Minova walihamia ziwani, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti lililojaa kupita kiasi lilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakafa mbele ya macho ya jamaa waliokuja kuwapokea. Amri ya Rais Tshisekedi wa Kongo kwamba kila abiria avae jaketi la kuokolea ilikuwa na umri wa miaka mitano.

Na hata mfuko huo ukifika Walikale kwenyewe, kando ya mto Lowa, msitu huzuia upepo na tanga halina kazi.

Atakayeng'ang'ania mashua ya tanga hapo Kabuno na anunue kwanza jaketi, kisha mtumbwi mfupi wa mbao kwa fundi wa papo hapo, auingie kwa kukaa na si kwa kusimama. Mtumbwi huo haukunjiki wala haubebeki, na kwa sababu hiyo hautapita kizuizi hata kimoja.