Jinsi ya Kujipulizia Pafyumu Isiyotengenezwa Tena

Anza na Fame ya Lady Gaga. Pafyumu za mastaa zilizokufa bila msiba ni nyingi, lakini hii ilizaliwa kwa kishindo. Mwaka 2012, ilipozinduliwa kwenye makumbusho ya Guggenheim, New York, Gaga mwenyewe alijilaza ndani ya chupa kubwa mfano wa ile ya dukani, wageni wakipita kumtazama. Leo utaipata kwa wauzaji wa mtandaoni, wale ambao kitu kikishaacha kutengenezwa hukipandisha bei kana kwamba kimechimbwa Mirerani.

Vaa nguo nyeupe. Ndiyo, najua maji yake ni meusi tii. Ukipuliza, weusi unayeyukia hewani na nguo inabaki ilivyo. Mwite jirani aje ashuhudie. Usiiharakishe hatua hii, maana tamu zaidi ya hii haipo.

Sasa kaa usubiri harufu igeuke. Pafyumu za kawaida huja kwa zamu: vitu vyepesi kama ndimu na machungwa huruka kwanza, maua yakafuata, kisha miti, ubani na miski vikang'ang'ania ngozi hadi jioni. Coty, waliotengeneza Fame, walitangaza kwamba yao haina zamu, kila kiungo hujitokeza kinapotaka. Molekuli hazikupewa taarifa hiyo. Nyepesi hutangulia vilevile, nzito hubaki nyuma.

Utakachokutana nacho ni aprikoti na asali. Jamu, kwa kweli. Tena ya kupaka kwenye mkate. Kabla haijatoka zilivuma habari kwamba itanukia damu, kwa hiyo kuna watu waliojiandaa kuzimia na wakaishia kutamani chai. Wewe kunja uso. Miongoni mwa viungo vilivyotangazwa mlikuwa na beladona, mmea wenye sumu, na anayejipaka sumu hachekicheki.

Ikiwa chupa imekaa miaka kwenye dirisha la mtu, joto, mwanga na hewa vitakuwa vimeshakula harufu za mwanzo, na pua itapokewa na ukali wa spiriti. Usiseme imeharibika. Sema imekomaa, halafu badilisha mazungumzo.

Ila usiivae kwenda harusini Mombasa wala Unguja. Orodha ya viungo vyake ilikuwa na zafarani, asmini na ubani, na huko hivyo vina wenyewe. Utakaa karibu na shangazi aliyezifukiza nguo zake kwenye chetezo tangu asubuhi, kikuba cha asmini na mrihani kifuani. Atakuinamia, avute pumzi mara moja, akuulize huo ubani uko wapi. Mweleze kwa adabu kwamba katika pafyumu hii kiungo hujitokeza kinapotaka.

"Haya, mwanangu," atakwambia. "Kikijitokeza uniite."