Kupe wa Milango Miwili

Kiswahili kilimwonya mnunuzi mapema, naye hakusikia. Gari la milango miwili lenye paa lililoinamia nyuma, Wafaransa waliliita "lililokatwa". Neno hilo likifika pwani na kutamkwa na ulimi wa huko, huwa kupe. Na kupe hahitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kufuga hata mbuzi mmoja. Huingia mwilini bapa kama ufuta, hana kelele, hana haraka, na siku atakayotoka atakuwa ameshiba.

Mnunuzi wa kisa hiki na mwandishi wa makala haya ni mtu mmoja, ila mnunuzi ana haya na ameomba asimuliwe kama mtu wa mbali. Anakaa Columbus, Ohio, mji ambao kwa wingi wa Wasomali nchini Marekani unashindana na Minneapolis tu. Ndani ya wingi huo wamo Wabajuni wachache, ambao kila wakiulizwa kwao wapi hujibu "Somalia", kisha hulazimika kueleza kwa nini nyumbani wanazungumza Kiswahili. Mmoja wao ni ami yake mnunuzi, mzaliwa wa Kudhaa, katika ule mkufu wa visiwa na rasi unaoshuka kutoka Kismayu hadi Ras Kamboni, mpakani na Kenya. Vita vya 1991 vilimtoa huko kwa chombo, vikamshusha Mombasa, vikamweka kambini Jomvu, na mwishowe vikamtupa kwenye theluji. Gari lake mwenyewe hajawahi kuwa nalo. Lakini kabla ya vita alikuwa akifungua na kufunga mitambo ya dizeli ya silinda moja, ile inayopiga tu-tu-tu hata mke akiwa jikoni anajua mume yuko umbali gani na anarudi na samaki au mikono mitupu.

Basi mnunuzi alipoona tangazo la gari la dizeli, alimchukua ami yake. Hilo ndilo jambo pekee la busara alilolifanya mwezi ule.

Gari lenyewe lilikuwa Mercedes-Benz 300CD ya mwaka 1984, na si gari la kukutana nalo Mombasa au Dar es Salaam. Ukoo wake, unaojulikana kwa namba W123, ulitengenezwa kwa miaka kumi hivi kuanzia 1976, ukafikia magari takriban milioni 2.7. Katika ukoo huo dizeli walipewa wenye teksi, wakulima na mabwana wenye subira. Kupe walipewa petroli. Mjerumani aliyetaka kupe wa dizeli hakuwa na pa kumnunua kwao. Aliuzwa Amerika ya Kaskazini tu, hadi 1985, na sababu ni hesabu za karani: mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya kupima wastani wa mafuta yanayotumiwa na magari yote ya kampuni moja, na kila dizeli iliyouzwa iliwavuta wenziwe walafi kwenye mstari. Kwa hiyo mtu akikuambia kupe huyu alizaliwa kwa mahaba, mwambie alizaliwa kwa kikokotoo.

Hata hivyo ni mzuri, kosa si la macho. Hana nguzo katikati ya ubavu. Ukishusha vioo vyote vinne, upande mzima unakuwa wazi kama baraza, na mtu mwenye kiwiko kizuri anaweza kukionyesha kutoka mbele hadi nyuma. Lile la mnunuzi lilikuwa la buluu ya maji ya kina. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye maswali kumi na saba aliyoyaandika usiku kucha. Alipoiona ile buluu, karatasi ilibaki mfukoni, na imo humo hadi leo.

Muuzaji alikuwa mzee mpole anayeishi nje kidogo ya mji. Ami hakuuliza kitu. Alimwamkia kwa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye boneti na kuweka kiganja, kama mama anayempima mtoto homa.

"Limeamshwa kabla yetu," alisema.

Muuzaji alikiri kwa uso mkunjufu: aliwasha injini mapema ili wageni wasipigwe na baridi wakingoja. Mnunuzi aliona ni ukarimu. Ami aliona ni mgonjwa aliyeogeshwa na kupakwa wanja kabla daktari hajafika. Dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hubana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe, na katika injini hii hewa hubanwa zaidi ya mara ishirini. Ringi za pistoni zikichoka, hewa huponyoka, na wakati wa kuligundua hilo ni asubuhi ya baridi, injini ikiwa imelala. Injini ya moto husema uongo vizuri sana.

Ami akaomba kahawa. Akanywa kikombe kimoja, akasifu. Cha pili, akauliza habari za wajukuu. Cha nne, akaanza kusimulia safari ya kaskazi ya zamani, mnunuzi akitafsiri huku jasho likimtoka ingawa nje palikuwa na barafu. Zilipita saa tatu. Ndipo alipoinuka, akagusa tena boneti, akatabasamu.

Mtu akizungusha ufunguo wa gari hili, taa yenye picha ya waya uliojisokota huwaka kwanza, nayo ni ishara kwamba plagi za kupashia moto zinafanya kazi. Sharti usubiri izimike. Mwenye pupa huisaga stata bure. Ilipozimika, mzee aliwasha, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Ami alikuwa amekwisha kwenda nyuma, amesimama kando ya ekzosi akisoma moshi kama wenziwe walivyosoma mawingu ya kusi. Moshi mweupe unaotoweka injini ikipata joto hauna neno. Ni mafuta ambayo hayakuungua. Ukidumu, jiulize kama maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, basi tazama nozo na kichujio cha hewa. Huu ulikuwa mweupe, ukafifia, ukaisha.

Kisha alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu bila kukifunga. Kikiruka na kuanguka chini, pumzi za silinda zinapita kwenye ringi. Kilitikisika tu, kama kifuniko cha sufuria ya wali unaokaribia kuiva.

"Mtambo mzima," alisema ami.

Mnunuzi alisikia maneno hayo mawili, na masikio yakafunga duka. Muuzaji naye aliona mwanya, akaleta habari za Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Ugiriki ambaye Mercedes yake ya dizeli, 240D ya mwaka 1976, ilitembea kilomita milioni 4.6 kabla ya kuingizwa kwenye makumbusho ya kampuni mwaka 2004. Habari ni ya kweli. Ami alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akauliza, "Injini alibadilisha mara ngapi?" Mzee akakohoa. Alibadilisha, tena zaidi ya mara moja.

Hapo ukaguzi ukahamia kwenye ngalawa, kama ami alivyoliita bodi. Ohio humwaga chumvi barabarani kila kipupwe ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu hadi kila pembe ya chini ya gari. Ami alipiga magoti, akapitisha kidole ndani ya tao la gurudumu, akakiramba.

"Mwambie bwana huyu ananiuzia chombo kilichokuwa baharini."

Mnunuzi hakumwambia. Ami akaomba sumaku. Ililetwa ile ya mlango wa friji, yenye picha ya nanasi. Juu ya paa ilishika. Mlangoni ilishika. Kwenye madigadi ya nyuma iliteleza polepole ikaanguka thelujini, na nanasi likatazama mbingu. Hapo palikuwa na puti, imesuguliwa vizuri na kupakwa rangi, na puti haivutwi na sumaku. Akakagua sehemu za kuwekea jeki, chini ya betri, kisha akainua zulia la buti na kutoa gurudumu la akiba. Chini yake ilionekana theluji ya Ohio, safi kabisa, kupitia tundu la ukubwa wa kisahani.

Muuzaji alieleza kuwa ni la kutolea maji.

"Basi ngama hatutafua," alisema ami, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka. Halafu akauliza kama chombo kinauzwa na makasia yake. Mnunuzi aliona aibu kutafsiri hilo pia.

Akamwita mtoto wa ndugu yake pembeni. Kwao, akamkumbusha, wavuvi walikuwa na samaki aitwaye chazo, mwenye sahani ya kufyonzea utosini. Humfunga kamba mkiani, wakamwacha aende. Chazo akimwona kasa humganda mgongoni, na wavuvi wakavuta kamba taratibu hadi kasa amefika ubavuni mwa mashua, hajui hata kimempata nini. "Wewe umesema hii ni kupe. Mimi naona chazo. Kamba iko mkononi mwa mzee. Mtafute kasa."

"Lakini mtambo mzima, ami."

"Mtambo mzima. Mwambie auzime."

Mzee akazungusha ufunguo. Injini ikaendelea. Moja, mbili, tatu, ndipo ikazima. Ami aliinua nyusi. Mnunuzi akasema labda inaaga.

Kuna jambo ambalo mtu aliyezoea petroli halijui. Gari la petroli ukilikatia umeme limekufa. Dizeli ya zamani haihitaji umeme ikishawaka; hula mafuta na hewa, na itanguruma mpaka kimojawapo kiishe. Katika W123 za dizeli ufunguo hauzimi kwa waya. Hufungua mfyonzo wa hewa unaovuta kijidude kwenye pampu ya dizeli, nacho kikafunga mafuta. Mfyonzo huohuo ndio unaofunga na kufungua makufuli ya milango, kwa vijibomba vyembamba na viungo vya mpira vilivyotambaa gari zima. Mpira wa miaka arobaini ni mpira kwa jina. Kujaribu ni bure: zima injini uhesabu, kisha funga mlango wa dereva kwa ufunguo uone kama wenzake wanafuata mara moja au wanajivuta. Mnunuzi hakuhesabu. Alikuwa akihesabu noti. Kwa ajili ya lile tundu mzee alipunguza dola 300, na dola 4,800 zikabadili mifuko.

Mwezi wa kwanza ulipita kwa visa vidogo. Kufuli la mlango wa abiria lilizoea kujifunga baada ya wenzake, likiwa limetafakari. Baridi ilipozidi, nta iliyomo kwenye dizeli iliganda kama samli ya Julai, gari likalala siku mbili, na mnunuzi akagundua waya wenye plagi unaotokeza mbele: ni wa kupashia injini moto usiku kucha kwa umeme wa nyumba. Hautibu mafuta yaliyoganda, hayo yanataka dizeli ya kipupwe, lakini jirani alimwona akichomeka gari ukutani na kumpongeza kwa kununua la umeme.

Kisha ikaja Ijumaa.

Alifika msikitini amechelewa, akaegesha karibu na mlango, akatoa ufunguo. Injini ikaendelea. Alihesabu tatu, akahesabu kumi. Khutba ilikuwa imeanza na tu-tu-tu ilikuwa inaingia dirishani, ikimjibu khatibu kila alipovuta pumzi. Mnunuzi alijua dawa: chini ya boneti, kwenye pampu, kuna kijiti chekundu kilichoandikwa STOP kwa ajili ya siku kama hiyo. Akavuta mpini wa kufungulia boneti. Kebo ikakatika, mpini ukabaki mkononi kama jino.

Gia za gari hilo ni za kujibadili zenyewe, hakuna klachi ya kuachia injini ikajinyonga. Waliochelewa kama yeye wakamzunguka na ushauri. Mmoja alisema azibe bomba la moshi. Alitoa kitambaa, bomba likazibwa, kitambaa kikarushwa hadi ng'ambo ya magari. Mwingine alisema angoje mafuta yaishe. Tangi lilikuwa la lita 80, limejazwa asubuhi hiyo, na injini hii ikiwa imesimama hainywi hata lita moja kwa saa. Wakapiga hesabu pamoja na kumwona akitoka hapo katikati ya wiki.

Ami alitoka baada ya kumaliza sunna zote, bila haraka. Akatazama mpini, akatazama mtoto wa ndugu yake, akatia mkono ndani ya koti zito na kutoa mshipi uliozungushwa kwenye kijiti, wenye ndoana ya nguru. Miaka thelathini Ohio, kilomita mia nyingi kutoka bahari yoyote, na mshipi umo kotini. Alichutama mbele ya gari, akapenyeza ndoana kwenye vyuma vya grili, akafumba macho na kuanza kupapasa kwa vidole, akivuta kidogo, akilegeza. Waumini walinyamaza kama watu wa mashua. Kitu kikaguta ndani. Boneti ikaruka.

Akaminya kijiti chekundu, na kimya kikatua juu ya Columbus.

"Amevua nini?" aliuliza mtoto mmoja aliyekuwa nyuma.

Ami alionyesha kijibomba kimoja cha mpira kilichopasuka, kirefu kama kidole cha mwisho. Dukani, ilivyobainika Jumatatu, hakikufika dola tano. Alinyoosha ndoana iliyopinda kwa meno, akauzungusha mshipi kwenye kijiti chake, akaurudisha kotini.

"Kesho twende kwa yule mzee," alisema.

"Kumrudishia?"

"Kumuuliza yale makasia."