Kosa la Kisu, Adhabu kwa Kitabu

Msyuu! Nisikilizeni wazee wangu, na wewe wa kahawa niongeze kikombe, maana jambo hili limenikaa kooni tangu jana.

Mpwa wangu yuko likizo, katoka Ohio kule Marekani. Huko anakusanya vitabu vya katuni vya zamani, vile vya ng'ombe na bastola na vya mashujaa wa kuruka. Jana akanitolea kimoja: Kid Colt Outlaw, toleo la 1962, bei imechapwa pale pale juu ya jalada, senti 12. Kiko ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma yake kadibodi kisipinde. "Mjomba, nawa mikono kwanza," akaniambia. Nikanawa, nikajikausha vizuri, ndipo nikakishika.

Rangi bado kali. Pini mbili za mgongoni hazina hata chembe ya kutu. Mkunjo hakuna. Lakini ukingo wa kulia wa jalada, masikini, umemeguka-meguka toka juu hadi chini, kama mkate uliogugunwa na panya. Nikasema, watoto wa mwenyewe wa kwanza hao. Mpwa akatikisa kichwa: "Hapana, mjomba. Kilitoka hivi kiwandani."

Akanieleza ikabidi nikae kitako. Jalada huchapwa peke yake kwa karatasi nzito yenye kung'aa, kurasa za ndani kwa karatasi ya gazeti. Vinakutanishwa, vinapigwa pini, halafu vinapita kwenye kisu cha mashine kusawazishwa kingo tatu. Kisu kikiwa kikali, ukingo unanyooka kama uzi. Kikiwa butu hakikati, kinararua, na anayeumia ni jalada. Vitabu vya Marvel, kampuni ya Kid Colt huyu, vya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 viliumizwa hivi kwa wingi, hata wakusanyaji wakaubandika ugonjwa huo jina la kampuni: ukitaja mmeguko wa Marvel, kila mmoja wao anajua unasema nini. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, ambamo Spider-Man alionekana mara ya kwanza, nayo inajulikana kwa ugonjwa huo huo. Nakala moja ya toleo hilo yenye alama 9.6 iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021. Ukingo safi wa kitabu kile unatafutwa kwa tochi.

Sasa njooni kwenye alama, maana ndipo damu inaponichemka. Kuna kampuni ya CGC, ya Florida, inapima vitabu hivi tangu mwaka 2000. Unawapelekea chako, wanakikagua, wanakipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha wanakifungia ndani ya plastiki ngumu. Kwa kipimo chao wenyewe, 10 haina kasoro yoyote, iwe ya kiwanda au ya mkono wa mtu. Ile 9.9 inasamehewa kasoro ndogo mno ya kiwanda, lakini ya mkono haisamehewi kabisa. Mmeona? Kumbe tofauti wanaijua! Huko juu, kwenye vitabu vya kubembelezwa, wanatenganisha kovu na alama ya kuzaliwa. Ukishuka chini ya 9.0 maelezo yanasema kasoro tu, ndogo au kubwa, basi. Mmeguko wa kisu na mmeguko wa meno ya mtoto vinatiwa sufuria moja.

Na kinachoniudhi zaidi, kasoro za kiwanda zenyewe hazihukumiwi sawa. Kuna jalada linalofungwa likaenda upande, mgongo ukahama, ukanda mweupe wa nyuma ukachungulia mbele. Hilo lilikosewa mtamboni vile vile, tena linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Lakini wapimaji huwa wapole kwalo, na kitabu cha namna hiyo kinaweza kupata 9.8. Kuna kingine mashine ilikivika majalada mawili kwa bahati mbaya: hicho kinapimwa kwa jalada la ndani, lililokingwa na mwenzake miaka yote. Kosa la mtambo likikibeba kitabu, kinabebwa nalo. Likikiumiza, kinaachwa nalo.

Fundi rangi, najua unachotaka kusema. Gari likitoka kiwandani na rangi iliyobabuka, mnunuzi halipi bei ya gari safi, na karatasi isiyokuwepo haipo, awe ameila nani. Nakubali. Mwenye pesa na alipie kile macho yake yanachokiona. Lakini alama hii inasomwa kama ushuhuda wa matunzo: mtu alikihifadhi vipi kitabu miaka sitini. Aliyeweka Kid Colt huyu gizani, pakavu, mbali na mikono ya watoto, alifanya kazi yake yote. Maswali ni mawili, kimetunzwaje na kilizaliwaje, na wao wanajibu kwa namba moja. Waandike yote mawili pale pale juu ya lebo, mnunuzi aamue mwenyewe.

Maana namba hiyo moja inawatia watu majaribuni. Mpwa wangu alishauriwa na mtu huko huko: chukua wembe na rula, punguza milimita moja, ukingo utanyooka, alama itapanda. Aka! Yaani kitabu kimekatwa vibaya mara moja, unakikata tena kwa makusudi? Kwa wapimaji hilo ni ukarabati, na CGC wanakibandika lebo ya zambarau badala ya ile ya bluu, bei inaporomoka. Na wanagundua. Mpwa alinionyesha kurasa zilivyogeuka rangi ya chai kwenye kingo, huku katikati bado ni nyeupe. Wembe ukipita leo, ukingo utabaki mweupe unaosema wenyewe. Nimemwambia asithubutu.

Basi tulipomaliza nikamrudishia, akakiingiza mfukoni taratibu. Juu ya meza kikabaki kipande kidogo, chekundu, hakizidi punje ya mchele. Kilikuwa kinaning'inia ukingoni tangu 1962, kisu kilikikata nusu, sasa kimeangukia kwangu, na mikono nilinawa. Mpwa hakusema neno. Alilamba ncha ya kidole, akakiokota, akakitia ndani ya mfuko pamoja na kitabu. Haya, niambieni wazee: mpimaji akikiona kile, atakihesabu ni cha kisu, au changu?