Kwa Heshima ya Uongo wa Roma

Naomba ruhusa ya kuisifu rikabu. Ni kile chuma kinachoning'inia ubavuni mwa farasi ili mpandaji atie mguu. Warumi hawakuwa nacho. Walipanda farasi kwa karne nyingi miguu ikielea hewani, na chuma hicho kikaja kuingia Ulaya wakati dola yao ya magharibi imekwisha kuanguka. Lakini weka filamu yoyote ya Roma, utamwona jemadari ametia buti kwenye rikabu, ametulia, na jeshi zima nyuma yake limefanya hivyohivyo. Mtaalamu wa historia akiona hayo anashika kichwa. Mimi nampigia makofi mtengenezaji. Bila rikabu yule mwigizaji ghali angedondoka mbele ya kamera, watu wa bima wangesimamisha kazi, na sisi wa Tunduma, mpakani na Zambia, tungekosa cha kutazama jioni.

Maana tusidanganyane, Roma haikuja Tunduma kwa vitabu. Ilikuja kwa mikanda ya video, ikafuata kwa CD za kuchoma, na siku hizi inaingia kwa flashi mfukoni mwa kijana wa bodaboda. Inaonyeshwa kwenye banda lenye mabenchi, pazia zito mlangoni na spika inayozidi ukubwa wa televisheni. Wateja ni madereva wa malori ya Kongo na Zambia ambao karatasi zao za forodha hazijatoka, utingo wao, wabadilisha kwacha waliofunga hesabu, na vijana wa mtaa wasio na karatasi wala kwacha. Foleni ya malori ikirefuka, Roma nayo inapata wakazi wapya. Sidhani kama kuna mtu mmoja humo aliyekuja kutafuta usahihi.

Tena Roma yetu haifiki peke yake. Inakuja na mtafsiri. Kazi hii ina mabingwa wake: Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili filamu za nje, hata za Nijeria, enzi za mikanda, Wakenya wana DJ Afro, na Waganda wana VJ Jingo na wenzake. Mtafsiri hajifungi na maneno ya mwigizaji. Seneta akisimama kuhutubia, yeye anatuambia mheshimiwa anaomba mwongozo wa spika. Jemadari akipanga vikosi, anakuwa RPC aliyetumwa na wakubwa kutuliza ghasia. Kwa hiyo mtazamaji wa Tunduma anapata makosa ya tabaka mbili: ya Hollywood chini, ya DJ juu, na lipi ni la nani hajui. Hayo nayaita mapato ya ziada, na kiingilio hakijapanda.

Chukueni tamthilia ya Spartacus, iliyoanza mwaka 2010 na kumalizika 2013. Historia yenyewe inatuambia machache. Mwaka 73 KK, watumwa kama 70 wa shule ya mapigano ya Batiatus huko Capua walitoroka wakiwa na visu vya jikoni. Waliivuruga Italia miaka miwili. Mwaka 71 KK jemadari Crassus akawashinda, na mateka 6,000 wakatundikwa misalabani kando ya barabara ya Appia kutoka Capua hadi Roma. Maiti ya Spartacus haikuonekana. Walioandika habari hizo, Plutarch na Appian, walizaliwa baadaye sana, na hakuna mtumwa aliyeachiwa kalamu. Plutarch anasema Spartacus alikuwa na mke wa kabila lake, mwanamke mwenye kutabiri. Jina lake hakulitaja. Tamthilia ikampa jina, Sura, ikampa uso na machozi, ikampa mume anayehangaika kumpata tena. Sasa mniambie nani kamheshimu mwanamke huyo: msema kweli aliyesahau kumwita, au mwongo aliyemwita Sura?

Katika sizoni ya mwisho watengenezaji wakamwingiza kijana Julius Caesar, akiwa na nywele ndefu za rangi ya dhahabu, akajipenyeza kwenye kambi ya watumwa kama jasusi. Hakuna mwandishi wa kale anayesema alikuwa kwenye vita hivyo. Hapo ndipo mwalimu wetu hupandisha sauti. Kila banda lina mwalimu wake. Wetu ni mstaafu wa somo la Historia, anakaa benchi la mbele kwa sababu ya macho, na hawezi kunyamaza. "Si kweli hiyo! Caesar hakuwepo!" Gizani anajibiwa kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Kwani wewe ulikuwepo?" Watu wanacheka, mwalimu anaitikia marahaba, panga zinaendelea. Nimekaa shuleni miaka mingi na sikumbuki darasa ambalo vyanzo vya historia vilijadiliwa kwa moto namna ile. Kosa moja la nywele za dhahabu limetufanyia hivyo.

Ipo na tamthilia iitwayo Rome, ya mwaka 2005 hadi 2007. Hii madereva wanaipenda kuliko zote, na sababu ninaijua. Katika kitabu chake cha vita vya Gaul, Caesar aliwataja maakida wawili waliokuwa wakishindana kwa ushujaa, Pullo na Vorenus. Aya chache, basi, wakapotea. Tamthilia ikawaokota, ikamshusha Pullo cheo awe askari wa kawaida, ikawapa nyumba, madeni na ugomvi wa ndoa, na mwisho ikadokeza kwamba yule mtoto wa Kleopatra, ambaye dunia nzima iliambiwa ni wa Caesar, baba yake ni Pullo. Ni uongo mtupu. Lakini mwambieni hivyo dereva wa tanki la mafuta aliyelala siku kadhaa mpakani akingoja kugongewa muhuri. Yeye anajua wakubwa huandika kila kitu kwa majina yao.

Kidole gumba nacho kinastahili ubeti wake. Mfalme anageuza gumba chini, mtu anachinjwa. Analiinua juu, mtu anapona. Hakuna ajuaye kwa hakika Warumi walikigeuza upande gani. Picha tuliyo nayo vichwani ilienezwa na mchoraji Mfaransa, Gérôme, mwaka 1872. Mfaransa mmoja mwenye brashi amewaamulia Warumi wafe vipi, na leo wauza simu wa Tunduma na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanakubaliana bei kwa gumba hilohilo. Urumi gani mwingine umetufaa hivyo?

Angalieni pia miili. Mifupa ya makaburi ya wapiganaji yaliyogunduliwa Efeso mwaka 1993 ilipimwa na wanasayansi wa Austria, wakaona kwamba watu wale walikula zaidi shayiri na kunde. Warumi wenyewe waliwatania kuwa ni wala shayiri. Kwa hiyo mpiganaji halisi yaelekea alikuwa na kitambi cha kumkinga na majeraha, kitambi cha makande. Tungepewa ukweli huo kwenye skrini, nusu ya wanaume waliomo bandani wangejiona mashujaa na kuacha kuhangaika na mazoezi. Tamthilia imetuhurumia, ikatuwekea vifua vilivyochongwa na kupakwa mafuta, tukabaki na adabu.

Gladiator ya Ridley Scott, ya mwaka 2000, si tamthilia ya televisheni, lakini ndiyo iliyozizaa hizi nyingine, kwa hiyo siwezi kuiruka. Humo Commodus anamuua baba yake, mfalme Marcus Aurelius, halafu stelingi anamuua Commodus uwanjani mbele ya umati. Katika historia baba alifariki mwaka 180 BK, kwa maradhi yaelekea, na mwana akatawala hadi usiku wa tarehe 31 Desemba 192, alipokabwa koo na mwanamieleka Narcissus wakati wa kuoga. Jaribuni kuliambia banda la Tunduma kwamba limekaa saa mbili na nusu kumsubiri adui aingie bafuni. Hapo kiingilio kingedaiwa kurudishwa.

Wanaodhani upotovu huu ulianza na kamera wamsome Shakespeare. Katika tamthilia yake ya Julius Caesar, saa inagonga nyumbani kwa Brutus usiku wa njama ya kumuua Caesar, zaidi ya miaka elfu moja kabla saa za kugonga hazijaundwa. Mwalimu Nyerere hakuiacha tamthilia hiyo kwa sababu ya saa. Aliitafsiri, ikachapwa mwaka 1963. Na sisi wa mpakani ndio wa mwisho kumcheka Shakespeare. Ondoka Tunduma saa nane mchana, vuka barabara, unaingia Nakonde saa saba, kwa sababu Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu aliyezoea kurudi nyuma kwa miguu yake, na ndoo ya dagaa kichwani, hashtuki kuona saa ya ukutani nyumbani kwa Brutus.

Sasa nimefika mahali ambapo sifa zinanikwama kooni kidogo, lakini nimeahidi kusifu. Katika Gladiator II ya mwaka 2024 wamo wafalme wawili ndugu, Caracalla na Geta: vijana weupe wa kupauka, nywele nyekundu. Papa wanaogelea ndani ya Colosseum, na watu wote wakapigia kelele papa. Kuhusu wale ndugu, banda letu halikusema neno, mwalimu akiwamo. Baba yao alikuwa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliyetawala Roma tangu 193 hadi 211. Mama yao, Julia Domna, alitoka Emesa huko Siria. Ipo picha ya kale ya familia hiyo iliyochorwa wakiwa hai, na Severus humo ni mtu wa rangi ya kahawia mwenye ndevu za mvi. Filamu imetupunguzia usumbufu wa kujua kwamba Mwafrika aliwahi kuitawala dunia ile, akapigana hadi Uingereza, akafia York. Ni wema huo. Habari kubwa namna hiyo ingetuharibia usingizi, na asubuhi kuna foleni.

Wema wa pili unatuhusu sisi wenyewe. Katika karne ya kwanza BK, mfanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Roma, aliyeandika Kigiriki, aliacha mwongozo wa safari za Bahari ya Eritrea. Anaushuka mwambao wetu, anaouita Azania, hadi soko la mwisho, Rhapta. Anataja bidhaa zilizoletwa, mikuki, mashoka, visu na vioo, na zilizoondoka, pembe za ndovu, za kifaru, na magamba ya kasa. Rhapta ilikuwa wapi hasa wataalamu bado wanavutana. Wengi wanatazama upande wa delta ya Rufiji, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliripoti kupata huko shanga alizoziita za Kirumi. Mwanamke wa Rufiji alivaa Roma shingoni, na tamthilia zote hizi, pamoja na pesa zake na panga zake, hazijapata hata dakika moja ya kumkosea.

Hapo ndipo ninapoona thamani kamili ya kosa. Capua imekosewa mara ngapi, na kila ikikosewa inazidi kujulikana. Sisi hatujakosewa kabisa. Novemba 1918 jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck, na askari wake Waafrika na wapagazi wao, lilipita pande hizi na kuishambulia Fife, jirani na Nakonde, siku chache kabla habari za kwisha kwa Vita vya Kwanza vya Dunia hazijalifikia. Kati ya 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia walitandika TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyopita hapa Tunduma. Wajukuu wa waliobeba mizigo ile na waliolaza mataruma yale wamo bandani kila jioni, na wanaweza kukutajia ukoo wa Batiatus.

Kwa hiyo nawaomba, enyi watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam, Nairobi, na hata Hollywood mkipenda: njooni mtukosee na sisi. Mpeni nahodha wa Rhapta lafudhi ya Kiingereza cha London. Mvisheni mama wa Rufiji kitenge cha mwaka huu. Mpandisheni von Lettow kwenye treni ya TAZARA iliyokuwa haijajengwa. Na mkihitaji ishara ya mbinguni kwa ajili ya kifo cha Caesar, tunacho kimondo cha tani kama 12 pale Ndolezi, Mbozi, na siku kilipoanguka hakuna aliyeiandika. Wekeni tarehe mnayotaka. Mwalimu atabisha, mwachieni benchi lake la mbele, na msimtoze kiingilio.