Foleni Haina Mkubwa

Mkanyage Mwingereza kwenye treni, atakuomba radhi yeye. Usijidanganye ukadhani huyo hana mwiko. Iguse foleni yake uone!

Septemba 2022, watu walijipanga kandokando ya mto Thames wakienda Westminster Hall kumuaga marehemu Malkia Elizabeth II. Mwanasoka wa zamani David Beckham, na mapesa yake yote, alisimama kwa takribani saa 12, kofia kichwani, kama mlalahoi yeyote. Watangazaji wawili wa televisheni waliodaiwa kupita mlango wa uani walisemwa wakasemeka, hata walipojitetea kwamba walikwenda kikazi.

Wewe ukiruka foleni London hupigwi wala hutukanwi. Utasikia tu mtu anakohoa nyuma yako, kwa adabu. Basi ujue umeshatukanwa, na wazazi wako wamo.